Uchambuzi wa maamuzi hauamui

Vikao vya miradi hapa Unguja havikosi siku hizi mtu wa kusema, "Uchambuzi wa maamuzi umeshaamua, sisi tunafuata tu." Haujaamua kitu. Uchambuzi wa maamuzi ni utaratibu wa kulipanga jambo gumu: tuna njia zipi, nini hatuna uhakika nacho, nini tunakithamini zaidi, kisha ndiyo hesabu. Jina hilo alilitoa Ronald Howard wa Marekani miaka ya 1960. Maana ndiyo hiyo, hapana kubwa.

Linaloniudhi ni kudhani kwamba hesabu ikishaingia, binadamu katoka. Namba zenyewe zinatoka vinywani mwa watu, na jibu hufuata swali. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio la gurudumu la bahati lenye namba. Watu walizungushiwa, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya Umoja wa Mataifa. Walioangukiwa na 10, kisio lao la kati lilikuwa 25. Walioangukiwa na 65, likawa 45. Gurudumu linajua nini la Umoja wa Mataifa?

Sasa njoo kwenye mwani wa Paje. Kuna aina mbili, kotonii na spinosum: kotonii ina bei kuliko spinosum, lakini maji yakipata joto hufa upesi. Muulize mama mkulima, "Bei na uhakika wa mavuno, kipi muhimu zaidi?" Atajibu, maana kaulizwa, na mwenye fomu ya maswali ataandika uzito wa kila kimoja katika mia: bei 70, mavuno 30. Namba hizo ni bure. Bei kutoka ngapi hadi ngapi? Tofauti ya shilingi chache kwa kilo si sawa na bei kuwa maradufu. Uzito hupewa tofauti iliyopo, haupewi "bei" hivi hivi. Tena ukikigawa kigezo cha mapato vipande vitatu, kwa kawaida jumla yake hupata uzito mkubwa kuliko kilipokuwa kimoja, na hapana kilichoongezeka. Mtunga fomu keshatia mkono, ajue asijue.

Ndiyo maana wajuzi wa kazi hii huuliza kila mtu peke yake kabla mkubwa wa kikao hajasema, na huuliza jambo moja kwa njia mbili. Majibu yakipishana, huwarudia wenyewe.

Kwa hivyo, ndugu msoma ripoti, sema "tumeamua sisi", kisha utuoneshe na maswali mliyoulizwa.