Regresheni ya uso uliopinda

Mahindi yakiongezewa mbolea ya nitrojeni, mavuno hupanda haraka mwanzoni, kisha ongezeko hupungua. Mbolea ikizidi mno, mavuno huweza hata kushuka. Regresheni, yaani njia ya takwimu ya kutafuta mlinganyo unaoelezea data, ikiwa ya mstari mnyoofu haioni hilo. Kwake kila kilo ya mbolea huleta faida ileile, ya kwanza sawa na ya mia mbili. Ukiingiza na kigezo cha pili, tuseme mvua ya msimu, hutafuti tena mstari bali uso mzima, wenye mwinuko na pengine kilele.

Njia rahisi ni kuongeza vipeo vya pili. Mavuno yawe Y, nitrojeni N na mvua M, na a hadi f ziwe vizigeu, yaani namba tunazozitafuta kutoka kwenye data:

Y = a + bN + cM + dN² + eM² + fNM

Vipande vya N² na M² ndivyo vinavyoupinda uso. Kizigeu d kikiwa hasi, kila kilo ya ziada huongeza kidogo kuliko iliyotangulia. Lakini kipande ninachokithamini zaidi, na ambacho watu hukiacha kwa wepesi, ni fNM. Ukikiondoa, umeshadai kwamba kiwango bora cha mbolea ni kimoja, iwe mwaka wa ukame au wa mvua nzuri. Kikiwepo, kilele kinapatikana pale N = −(b + fM) ÷ (2d), kwa hiyo kinahama pamoja na mvua.

Hesabu yenyewe haibadiliki: bado tunatafuta vizigeu vinavyopunguza jumla ya vipeo vya pili vya makosa, yaani tofauti kati ya mavuno yaliyopimwa na yaliyotabiriwa. Kwa kompyuta, N² ni safu nyingine tu ya data. Ila kwanza punguza wastani wa kila kigezo kutoka kwenye thamani zake kabla ya kuzidisha, kwa sababu N na N² hupanda pamoja na vizigeu vyake huyumba.

Gharama iko kwenye idadi. Vigezo viwili vinahitaji vizigeu 6, vitano 21, kumi 66. Ndiyo maana George Box na K. B. Wilson, walioshughulikia uzalishaji wa kemikali Uingereza, waliandika mwaka 1951 kuhusu kupanga majaribio mapema, ili vipimo vichache vitoshe kuuchora uso.

Na usisome nje ya data. Mkunjo wa kipeo cha pili ukishapita kilele lazima ushuke, shamba litake lisitake. Kama hukupima zaidi ya kilo 120 kwa hekta, utabiri wa kilo 250 unatokana na umbo la mlinganyo, si na mahindi.