Siku thelathini bila pombe: kinachobadilika mwilini, na nani asijaribu peke yake

Mwezi mmoja bila pombe una faida inayoonekana kwenye mashine ya presha, kwenye mzani na kwenye taarifa ya M-Pesa. Kazi yangu ni kuwashauri na kuwahudumia wanywaji hapa Nairobi, na ninaupendekeza mwezi huu kwa yeyote anayekunywa wikendi au jioni baada ya kazi na hajawahi kujua pombe inamfanyia nini. Ninaupendekeza kama kipimo. Ukiuchukua kama adhabu ya sherehe za Desemba, utahesabu siku, utafika tarehe ya mwisho, kisha utarudi pale pale ulipokuwa bila kujua kilichobadilika.

Wanaoweza kuumia wakiacha ghafla

Hili nalianza mapema kwa sababu linaua watu, na wanaolijua ni wachache.

Pombe huutuliza ubongo. Mtu akinywa nyingi kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujizoeza kufanya kazi kwa msukumo mkubwa zaidi ili kushindana na utulivu huo. Pombe ikiondolewa kwa siku moja, msukumo unabaki bila cha kuuzuia, kama mtu anayesukuma mlango kwa nguvu zote na mwenzake wa upande wa pili akaachilia. Mikono hutetemeka, jasho humwagika, moyo hupiga mbio, usingizi hukataa. Dalili hizi huanza kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo na kutojua uko wapi huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo isipotibiwa huweza kuua.

Swali ninalolitegemea kuliko yote ni hili: asubuhi unatoa loki, yaani unakunywa kwanza ili utulie? Kama unahitaji kinywaji ndipo mikono itulie ushike kikombe cha chai, usianze mwezi huu nyumbani peke yako. Vivyo hivyo kama umewahi kupata degedege au kuona mambo ulipoacha zamani, kama una kifafa, au kama unamaliza robo (mililita 250) au zaidi ya pombe kali kila siku. Kila mara mtu wa namna hii anapoacha na kurudia, kuacha kunakofuata huelekea kuwa kubaya zaidi, kwa hivyo kusema "mara iliyopita nilitetemeka tu ikapita" si kinga.

Nenda hospitali. Hospitali ya Mathari hapa Nairobi wana huduma ya kuacha pombe kwa uangalizi, na laini 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi, haitozwi. Watakuelekeza kituo kilicho karibu nawe. Kwa kawaida utapewa dawa ya kutuliza, mara nyingi diazepamu, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa takriban wiki moja, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa nayo. Vitamini hiyo inapaswa kutangulia dripu ya glukosi au kwenda nayo pamoja, maana glukosi pekee inaweza kumaliza akiba ndogo iliyobaki na ubongo ukadhurika. Familia nyingi humchukua ndugu yao, wakamfungia chumbani au wakamkimbiza ushago akakae mbali na baa. Nia ni njema, lakini wanamweka mbali na hospitali katika siku zile nne anazoihitaji zaidi. Wala usinunue diazepamu kwenye kemia ujitibu mwenyewe. Ikikutana na pombe, huweza kusimamisha pumzi.

Kama bado huna uhakika, tumia dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT. Lina maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Alama 8 na zaidi ni unywaji wa hatari, na hapo mwezi wa mapumziko unafaa sana. Ukifika 20, muone daktari kabla ya kugusa kalenda.

Hesabu ya kweli

Watu wengi hawajui wanakunywa kiasi gani kwa sababu wanahesabu chupa, na chupa hazilingani. Hesabu gramu. Chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia ya kileo iliyoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.789, ambao ndio uzito wa mililita moja ya kileo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 inatoa gramu 17 hivi. Robo ya pombe kali, yaani mililita 250 za asilimia 40, inatoa gramu 79, karibu sawa na bia tano. Mzinga wa mililita 750 una gramu 237, sawa na bia 14. Mtu anayesema "mimi nilikunywa robo tu" kando ya mwenzake mwenye bia tatu amemzidi mbali. Chang'aa haina lebo, kwa hivyo hesabu hii haiwezekani, na hiyo ni sababu tosha ya kuiogopa.

Sasa fungua taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, utie alama kila malipo ya baa, ya duka la pombe, ya teksi ya usiku na ya ile nyama iliyoagizwa saa tano usiku. Jumla, gawanya kwa tatu. Namba hiyo iandike.

Andika pia presha, na uipime vizuri: kaa dakika tano mgongo ukiegemea kiti, miguu isipandane, mkono uwe usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyotangulia. Pima mara mbili, chukua wastani. Pima uzito asubuhi kabla ya chai. Zungusha utepe kiunoni usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi. Ukiweza, fanya kipimo cha damu cha ini na uombe GGT, kimeng'enya cha ini kinachopanda kwa pombe, iwemo, maana maabara nyingine huiacha. Alama ya usingizi, kati ya 1 na 10, jipe kila asubuhi.

Kinachotokea

Wiki ya kwanza huwakatisha watu tamaa. Pombe hukulaza haraka lakini huvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na hukandamiza ule usingizi wa ndoto. Ukiiacha, ndoto zinarudi kwa fujo, unaamka saa tisa usiku, unakasirika ovyo, unatamani sukari. Mtu anahitimisha kwamba bila pombe hawezi kulala. Subiri. Kwa wengi usingizi huanza kutulia kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na mtu akifika hapo ndipo hugundua kwamba uchovu wake wa miaka haukuwa wa kazi. Tumbo nalo hutulia katika kipindi hicho, kiungulia hupungua, na zile asubuhi za kuharisha baada ya bia nyingi huisha.

Presha hushuka ndani ya wiki chache. Utafiti wa hospitali ya Royal Free ya London, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu 94 waliokuwa wakinywa wastani wa gramu 258 kwa wiki, yaani bia 15 au 16 za nusu lita. Baada ya mwezi mmoja bila pombe presha yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 6.6, uzito kwa asilimia 1.5, na ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitumia insulini vizuri, kwa karibu robo. Mwenye presha ambayo namba yake ya juu ni 140 anakaribia 131. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote, kwa sababu Nairobi imejaa watu wa miaka arobaini wanaomeza dawa za presha kila asubuhi na kuipandisha tena kila jioni. Uzito ni habari ndogo: asilimia 1.5 ya kilo 80 ni kilo moja na gramu 200. Anayekuahidi kwamba kitambi kitaisha kwa mwezi anakudanganya.

Kuna namna moja ya kuupoteza hata huo upungufu mdogo, nayo ni soda. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 500 ina gramu 50 hivi za sukari na nguvu ya takriban kalori 200, karibu sawa na bia uliyoiacha. Mtu aliyebadilisha bia nne kwa soda nne hajaupunguzia mwili kitu upande wa sukari na mafuta. Agiza maji ya soda na ndimu, au chai ya tangawizi. Kinywaji kiitwacho dawa pia kinafaa, lakini sema wazi unataka cha moto kisicho na pombe, kwa sababu kwenye baa nyingi za mji huu dawa ni vodka yenye ndimu na asali.

Mafuta ya ini hupungua haraka kuliko watu wanavyodhani. Ini lenye mafuta ya pombe, ambalo halijapata makovu, huanza kusafika ndani ya wiki mbili hadi sita. Ndani ya mwezi GGT hushuka, mara nyingi kwa nusu au zaidi. Usishtuke ikiwa bado iko juu ya kiwango siku ya thelathini: kama ilianzia mbali, itachukua mwezi mwingine. Ukubwa wa chembe nyekundu za damu, ambao maabara huuandika MCV, hautabadilika sana kwa mwezi kwa sababu chembe hizo huishi siku 120 hivi. Makovu ya ini hayaondoki kwa siku thelathini, na mwenye macho ya njano au tumbo lililojaa maji anahitaji daktari kwanza.

Tahadhari mbili za dawa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi apime sukari mara nyingi zaidi, kwani mwili ukianza kuitumia insulini vizuri, kipimo cha zamani kinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Anayetumia dawa za presha akianza kuhisi kizunguzungu anaposimama, arudi kliniki kipimo kirekebishwe, asiziache mwenyewe.

Nairobi yenyewe

Nionavyo, Januari ni mwezi mbaya wa kujipima hapa kwetu. Karo imelipwa, mfuko ni mtupu, marafiki wote wamejifungia nyumbani. Utamaliza mwezi kwa sababu hukuwa na pesa, wala hutajua kama una uwezo wa kupita baa ukiwa na mshahara. Chagua mwezi wa kawaida wenye siku ya mshahara na angalau harusi au ruracio (sherehe ya mahari) moja ndani yake.

Kisha tafuta saa yako ya hatari. Kwa wafanyakazi wengi wa mjini ni kuanzia saa kumi na moja jioni, saa ambayo sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaruhusu baa kufunguliwa siku za kazi, na ndiyo saa Thika Road na Mombasa Road zinapofunga kwa msongamano wa magari. Mtu huingia "kungoja jam iishe", akatoka saa nne. Huyu hana haja ya kupambana na bia. Anahitaji mahali pengine pa kungojea: gym, maktaba, kinyozi, au chakula cha jioni kinacholiwa mapema mjini. Usiende popote na njaa, kwani njaa na hamu ya pombe hujificha pamoja. Hamu kali hupanda na kushuka, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Tembea, kula, piga simu, kisha ujiulize tena.

Marafiki watauliza. Wengi hujibu "niko kwa dawa", na jibu hilo hufanya kazi wiki moja tu, kisha mtu analazimika kubuni ugonjwa mwingine. Ukweli mfupi hudumu zaidi: "Boss, huu mwezi nimepumzika, nitakwambia nikimaliza." Na toka kwenye mfumo wa raundi kabla haujaanza. Sema mapema kwamba utalipa nyama na kachumbari, vinywaji kila mtu ajilipie. Ukinunuliwa raundi ya kwanza tayari una deni, na mezani deni hilo hulipwa kwa kunywa.

Miraa na muguka ni mtego ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Wengi hutafuna mchana na kunywa usiku ili kushusha handas, ule msisimko wa miraa. Ukiiondoa pombe ukabaki na miraa, utakesha, na kosa lote utalitupia kuacha pombe. Pumzisha vyote viwili, au utafunaji uishe kabla ya saa nane mchana.

Ukiteleza siku ya kumi na moja, usitupe mwezi. Andika ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi, umekula nini, kisha endelea kesho yake hadi thelathini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliowafuatilia zaidi ya watu 800 wa Uingereza walioshiriki Januari bila pombe mwaka 2018 walikuta kwamba kufikia Agosti siku za kunywa zilikuwa zimepungua kutoka wastani wa 4.3 hadi 3.3 kwa wiki, na hata wasiomaliza mwezi walipata sehemu ya faida.

Siku ya thelathini na moja

Rudia vipimo vyote kwa mashine ile ile, kemia ile ile na maabara ile ile, kabla ya kinywaji chochote. Weka namba za mwanzo na za mwisho kando kwa kando, pamoja na pesa. Ukiamua kurudi, kumbuka kwamba mwili umepoteza mazoea: bia sita ulizokuwa ukizibeba bila shida zinaweza kukulaza njiani. Usirudi kwa sherehe, na usiendeshe gari siku hiyo. Panga idadi ya siku kwa wiki na idadi ya chupa kwa siku kabla hujafika mezani, uziandike kwenye karatasi ile ile ya vipimo, kisha upime presha tena baada ya wiki nne. Ikiwa imerudi ilipokuwa, chukua mwezi mwingine, na safari hii umpelekee daktari wako karatasi hiyo, kwa sababu ataiamini kuliko makadirio yoyote utakayompa kwa mdomo.