Jino moja tu: mkanda wa taiming kwenye gari la zamani

Feni belti ikichoka hupiga kelele wiki nzima. Mkanda wa taiming, unaounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti inayofungua vali), hukaa kimya nyuma ya kava lake, na siku ukikatika injini inazima hapo hapo. Kwenye injini nyingi vali na pistoni hupita nafasi moja kwa zamu. Zamu ikivurugika zinagongana, vali zinapinda, na sasa unashusha silinda hedi (kichwa cha injini). Ukinunua gari kuukuu na muuzaji hana kumbukumbu ya lini mkanda ulibadilishwa, mimi huhesabu kwamba haujabadilishwa.

Chomoa betri, weka gari kwenye stendi (jeki peke yake haitoshi), toa plagi ili injini izunguke kirahisi. Jasho utalitoa kwenye boliti ya puli ya krenki. Wapo wanaoegemeza spana kwenye fremu kisha wanapiga stata. Mimi nataka mikono yangu, kwa hiyo natumia kishikio cha puli na bomba refu kwenye mpini.

Kabla ya kutoa mkanda, lete pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa, alama za krenki na kemshafti zikae mahali pake. Kisha zipake rangi nyeupe, kwenye puli na kwenye mkanda wenyewe, na uhesabu meno yaliyo kati yake. Mkanda mpya upake hivyo hivyo.

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii alama zote zilikaa sawa na nilishashika kava mkononi. Nikazungusha krenki kwa spana mizunguko miwili, maana krenki huzunguka mara mbili ndipo kemshafti izunguke mara moja. Alama ya kemshafti ikarudi imebaki nyuma jino moja. Nilikuwa nimeacha ulegevu upande usio na tenshena (kikaza mkanda), na tenshena ilipokaza ikauvuta. Anza kuvalisha kwenye krenki, panda na upande ulionyooka ukiwa umekazwa, ulegevu wote uishie kwa tenshena. Jino moja mara nyingi halipindi vali, ila gari linakosa nguvu nawe unamtafuta mchawi kwenye plagi.

Ukizungusha ukahisi kitu kigumu kimegonga, simama. Usilazimishe, rudi kwenye alama.

Tenshena na rola (kigurudumu kinachoongoza mkanda) badilisha pamoja na mkanda, na pampu ya maji pia kama inaendeshwa nao, kwani kuifikia baadaye ni kufungua yote upya. Sili ya krenki ikivuja, badilisha: oili hulainisha mpira wa mkanda na kuuharibu mapema.

Baada ya mizunguko ile miwili, rangi uliyopaka kwenye mkanda haitakutana tena na alama za puli. Usishtuke. Mkanda una meno mengi kuliko yanayopita kwenye puli katika mizunguko hiyo miwili, kwa hiyo rangi hiyo husogea. Alama za puli ndizo za kukagua.