Je, Wajua Kwa Nini Kusubiri Barua ya Kupunguzwa Kazi Kunatesa Kuliko Barua Yenyewe?

Barua pepe inaingia Ijumaa saa kumi na nusu jioni, watu wakiwa wameshaanza kuzima kompyuta. Ni mistari mitatu tu. Uongozi "unapitia upya muundo wa kampuni", taarifa zaidi zitatolewa "kwa wakati mwafaka", na wafanyakazi wote wanashukuriwa kwa juhudi zao. Neno kupunguzwa halimo, wala tarehe. Lakini kufikia Jumatatu asubuhi hakuna asiyejua kwamba kuna fagio linakuja. Kisichojulikana ni litaanzia wapi, na tayari yuko anayeapa kwamba kitengo kizima cha hesabu kinahamishiwa nchi nyingine.

Kuanzia hapo watu ni matumbo joto. Aliyezoea kufika saa tatu sasa anafika saa moja na nusu. Mlango wa chumba cha mikutano ukifungwa zaidi ya saa moja, vichwa vinainuka. Meneja akikusalimia kwa uchangamfu unajiuliza anajua nini, na akipita bila kusalimia unajiuliza swali lile lile.

Halafu siku inafika, barua zinatolewa, na linatokea jambo ambalo aliye nje huliona la ajabu: wapo waliopewa barua ambao usiku huo hupata usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Inakuwaje habari mbaya ya hakika iwe nafuu kuliko habari mbaya ya "huenda"?

Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio linalojibu sehemu kubwa ya swali hilo. Waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta wakawapa mchezo. Kwenye skrini yanatokea mawe, nawe unabashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo unapigwa shoti mkononi, na shoti yenyewe ilikuwa ya kuuma. Uwezekano wa kukuta nyoka ulikuwa ukibadilika kadiri mchezo ulivyoendelea, huku watafiti wakipima jasho na kutanuka kwa mboni za macho. Ungedhani wasiwasi ungefika kileleni pale shoti ilipokuwa haikwepeki. Wapi! Kilele kilikuwa pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyejua kwamba lazima apigwe alikuwa ametulia kuliko aliyekuwa hajui.

Kuna kipande cha jaribio hilo ambacho husimuliwa mara chache, nami nakiona ndicho kitamu zaidi. Wale ambao miili yao ilishtuka zaidi nyakati za mashaka ndio waliobashiri vizuri zaidi. Maana yake wasiwasi una kazi. Unaamsha macho, unakufanya ushike dalili ndogo ndogo ili ujifunze haraka hatari iko wapi. Tatizo ni kwamba kwenye mchezo jiwe lilifunuliwa kila mara, ukajua ulipatia au ulikosea. Ofisini jiwe linaweza kukaa miezi minane bila kuguswa. Mwili unaendelea kuwa macho, unakusanya dalili, na hakuna somo linalopatikana.

Huo ni mchezo wa muda mfupi. Kwa muda mrefu hali huwaje? Uingereza ilikuwa na bahati ya kitafiti hapa, ingawa kwa wahusika haikuwa bahati hata kidogo. Kuanzia mwaka 1985 watafiti walikuwa wakifuatilia afya ya watumishi wa umma 10,308 katika idara 20 za serikali jijini London, utafiti unaojulikana kama Whitehall II. Katikati ya zoezi hilo idara mojawapo, iliyosimamia majengo ya serikali, ikaambiwa itabinafsishwa. Kwa hiyo kulikuwa na vipimo vya watu wale wale kabla ya habari hiyo, wakati wanasubiri, na wenzao wa idara nyingine wa kulinganisha nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba afya, kama watumishi wenyewe walivyoieleza, ilianza kuzorota katika kipindi cha kusubiri, hasa kwa wanaume. Hakuna aliyekuwa ameachishwa bado. Mishahara ilikuwa inaingia kama kawaida.

Mwaka 2009 Sarah Burgard na wenzake nchini Marekani walipitia takwimu za watu wazima zaidi ya 1,700 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Walioishi na hofu ya kupoteza kazi kwa muda mrefu walikuwa na afya mbaya kuliko hata wale waliokuwa wamepoteza kazi kweli. Mtu anaweza kuwa na ajira, bima na meza yake, na bado akawa anaumia kuliko jirani yake asiye na kazi.

Sababu si ngumu kuiona ukitazama siku ya kila mmoja. Aliyepewa barua ana mambo ya kufanya: kukokotoa kiinua mgongo, kuandika upya wasifu wake, kumpigia simu yule jamaa aliyewahi kusema "ukikwama nitafute". Watu wanampa pole, na pole ni kitu kikubwa. Inampa mtu ruhusa ya kuhuzunika. Anayesubiri hapewi pole, maana hajafiwa na kitu. Akilalamika anaambiwa ashukuru Mungu bado ana kazi. Anatakiwa kujaza malengo ya mwaka ujao kwenye mfumo wa tathmini huku akijua huenda mwaka ujao hayupo. Mkataba wa nyumba unaisha mwezi ujao, asaini mwingine au asisaini? Kila uamuzi unasubiri uamuzi wa mtu mwingine ambaye hata hajulikani ni nani.

Pengo hilo la taarifa halibaki tupu. Wanasaikolojia Gordon Allport na Leo Postman, waliochunguza uvumi wa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walipendekeza mwaka 1947 kanuni fupi: nguvu ya uvumi ni umuhimu wa jambo mara utata wake. Angalia kwamba ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Umuhimu wa ajira hauwezi kushushwa, kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa uongozi ni utata. Na hapo ndipo barua ya mistari mitatu inapoharibu: inaongeza vyote viwili kwa mpigo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wafanyakazi wanaijua methali hii kwa vitendo, ndiyo maana kuondolewa kwa mashine moja ya kuchapa kunasomwa kama tangazo.

Basi kwa nini wakubwa hawasemi? Mara nyingine kwa sababu hawajui. Bodi imetaja kiasi cha fedha cha kuokoa, haijataja vichwa, na wakuu wa vitengo bado wanavutana nani atoe wangapi. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa nayo inabanwa na kanuni za lini na vipi habari nzito itangazwe. Kuna pia sheria za kazi, ambazo kwa kiasi fulani ndizo zinazogeuza jambo la siku moja kuwa la miezi. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka wawakilishi wa wafanyakazi wapewe taarifa na kushauriwa mapema. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inawataka waajiri wakubwa kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kupunguza watu kwa wingi. Uingereza, anayekusudia kupunguza watu 100 au zaidi lazima mashauriano yaanze angalau siku 45 kabla ya wa kwanza kuondoka. Sheria hizi ni kinga, na sitaki ieleweke kwamba afadhali zisingekuwepo. Ila zinahesabu siku kuanzia pale jambo linapotajwa rasmi. Miezi ya minong'ono iliyotangulia haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Sababu inayonichekesha ni ile ya kuogopa kwamba wazuri watakimbia wakiambiwa ukweli. Wazuri hukimbia kwa kutoambiwa. Wao ndio wenye simu za waajiri wengine. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mwenye pa kwenda haungoji huo mshindo.

Kuhamishia kazi ng'ambo kunaongeza kitu kingine juu ya hofu, nacho ni uchungu. Biashara ikidorora watu wakapunguzwa, inauma lakini inaeleweka: kazi haipo. Kazi ikihamishwa, ipo. Inaendelea kufanywa vile vile, asubuhi na jioni, na mtu mwingine kwa malipo pungufu. Ujumbe unaopokelewa ni kwamba ulichokuwa unafanya kina thamani, wewe ndiye ghali.

Zamani jambo hili lilikuwa la viwandani. Mambo yalianza kugeuka pale kazi yenyewe ilipoweza kusafiri kwa waya. Kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilifungua kituo cha usanifu huko Bangalore, India, mwaka 1985, na wengi wakafuata. Mwaka 2006 mchumi Alan Blinder wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyewahi kuwa makamu mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, aliandika kwamba tumezoea kugawa kazi kwa kigezo kisicho sahihi. Tunadhani msomi yuko salama na asiyesoma yuko hatarini. Kwa Blinder swali ni moja tu: je, huduma hiyo inaweza kupelekwa mbali kwa njia ya mawasiliano bila ubora kupungua sana? Fundi bomba hawezi kuziba bomba lako kutoka bara jingine. Mhasibu anaweza kufunga hesabu zako kutoka popote. Baadaye alikadiria kwamba kati ya asilimia 22 na 29 ya ajira za Marekani zinaweza kuhamishika. Zinaweza, hakusema zitahamishwa. Lakini ofisini tofauti ya maneno hayo mawili humezwa haraka sana.

Na kuna siku moja katika mchakato huu ambayo waliopitia huisimulia kuliko hata siku ya barua. Unaambiwa uandike, hatua kwa hatua, namna unavyofanya kazi yako. Inaitwa makabidhiano, au "kuhifadhi maarifa". Unafungua ukurasa mtupu na kuanza: hatua ya kwanza, pakua ripoti ya jana. Hatua ya pili, linganisha jumla. Ukifika hatua ya sita unasita, kwa sababu hapo kuna kosa la mfumo linalojitokeza kila mwisho wa mwezi, na wewe peke yako unajua linavyozungukwa. Hukuambiwa na mtu. Ulihangaika nalo usiku fulani miaka mitatu iliyopita. Uliandike? Ukiliandika umejitoa wewe mwenyewe. Usipoliandika, anayeumia ni kijana usiyemjua, na pengine kiinua mgongo chako kimefungwa kwenye sharti la "ushirikiano kamili". Wengi huandika. Huandika vizuri hata, kwa heshima ya kazi yenyewe.

Je, namna ya kuambiwa inabadilisha chochote? Mtafiti Jerald Greenberg alipata nafasi adimu ya kulipima jambo hilo, akachapisha matokeo mwaka 1990. Viwanda viwili vya mwajiri mmoja vilikatwa mshahara asilimia 15 kwa wiki kumi. Kwenye kiwanda kimoja wafanyakazi walielezwa kwa kina, wakaonyeshwa hesabu, wakaombwa radhi, maswali yakajibiwa. Kwenye kingine waliambiwa kwa ufupi na kikao kikafungwa. Katika kiwanda cha pili wizi wa mali ya kiwanda ulipanda kwa kiasi kikubwa, na watu wengi zaidi wakaacha kazi. Penye maelezo, wizi uliongezeka kidogo tu. Makato yalikuwa yale yale.

Wanaobaki nao hawabaki salama. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na aliyebaki hukaa na kichwa kilicholowa kwa muda mrefu. Anarithi kazi za watu wawili, anaona aibu kufurahi, na anaanza kutafuta mlango. Mwaka 2008 watafiti Charlie Trevor na Anthony Nyberg walionyesha kwamba kampuni zinazopunguza watu, hata kwa kiwango kidogo, huja kupoteza wengine wanaoondoka kwa hiari yao. Watu hao hawakuwa kwenye bajeti ya akiba iliyopelekwa kwenye bodi.

Aliyebaki sasa ana simu ya video kila asubuhi na timu mpya ya mbali. Miezi ya kwanza wanazungumzia ripoti ya jana na jumla zisizolingana. Hatua ya sita imewasumbua wiki mbili. Kisha siku moja, wengine wakiwa wameshakata simu, yule kijana wa upande wa pili anabaki kwenye skrini, anasitasita, anauliza kwa sauti ya chini kama huko makao makuu kuna chochote kimesikika, maana kwao kuna fununu kwamba mwakani kazi hii itapewa programu ya kompyuta, na juzi wameambiwa waanze kuandika, hatua kwa hatua, namna wanavyoifanya.