Komedi ya adabu ni nini?

Komedi ya adabu ni mchezo au filamu inayochekesha kwa kuzichukua kanuni za mwenendo za tabaka fulani, aghalabu mabwanyenye, na kuzianika: nani anafaa kumwoa nani, jambo gani halisemwi mezani, cheo gani hufungua mlango upi. Ilishamiri katika majukwaa ya Ufaransa na Uingereza karne ya 17, Molière, mtunzi wa tamthilia Mfaransa, akiwa miongoni mwa magwiji wake, kisha sinema ikairithi.

Uchumba haukosekani humo, maana hapo ndipo mapenzi, mali na jina la ukoo hukutana. Pamoja nao huja mhusika anayedhaniwa kuwa mtu mwingine. Wengi hudhani siri ya mbinu hii ni mavazi. Mimi naona siri ni cheo, na ushahidi wangu ni The Lady Eve, filamu ya Preston Sturges ya mwaka 1941.

Charles (Henry Fonda), mwana wa tajiri wa bia, anarudi kutoka Amazon alikokuwa akichunguza nyoka. Melini anampenda Jean (Barbara Stanwyck), ambaye ni tapeli wa karata. Charles akiujua ukweli, anamwacha. Jean anaazimia kulipiza kisasi na kujitokeza nyumbani kwa kina Charles, jimboni Connecticut, Marekani, kama Lady Eve, mwanamke wa ukoo bora wa Uingereza. Uso ni uleule, hata nywele hakuzibadili. Charles anajiridhisha kwamba mtu anayetaka kudanganya angalau angejibadilisha kidogo! Halafu tapeli mwenzake Jean anamnong'oneza habari ya bibi mmoja wa kikabaila aliyezaa na mwendesha gari lake la farasi, ndiyo maana kuna wasichana wawili wanaofanana. Charles anameza yote, kwa kuwa aibu ya namna hiyo ndiyo hasa watu wa tabaka lile huificha. Mtumishi wake Muggsy, asiyebabaishwa na vyeo, anashikilia kuwa ni mwanamke yuleyule.

Wanaoana. Usiku wa fungate, ndani ya treni, Eve anaanza kuorodhesha wanaume wake wa zamani, mmoja baada ya mwingine, hadi bwana harusi anashuka na kuanguka matopeni.

Kuanguka huko, pamoja na vyakula vinavyommwagikia kwenye karamu, ni vichekesho vya vitendo vya mwili, si komedi ya adabu. Sturges alivichanganya bila wasiwasi, na ubwana wa Charles unapungua kila anapobadilisha suti.