Chumba cha ndani kina kiza, lakini kuta zake ni nyeupe

Mjomba wangu wa Mkomani aliponunua projekta, aliiweka chumba cha ndani kabisa cha nyumba yake ya mawe. "Huku jua halifiki, mwanangu. Pazia la nini?"

Wengi hapa Lamu tunaamini hivyo, na si kosa tupu. Ukitoka kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ukapita misana, zile kumbi ndefu nyembamba, kila chumba kina nuru haba kuliko kilichotangulia. Kinachosahaulika ni chokaa. Weupe wake ndio unaopokea nuru ya kiwandani na kuipeleka nyuma. Usiku filamu ikianza, unafanya kazi ile ile: mwanga unatoka kwenye skrini, unagonga kuta na zidaka (vishubaka vya ukutani), kisha unairudia skrini. Taa zote zimezimwa, na bado nyeusi inaonekana kijivu.

Tulitundika kaniki kwenye kuta mbili za ubavuni, kuanzia skrini ilipo hadi kama hatua tatu. Usiku huo huo nyuso zilizo gizani kwenye filamu zikaanza kuonekana. Kupaka rangi ya mafuta nyeusi sikushauri kamwe: ukuta wa matumbawe na chokaa unahitaji kutoa unyevu wake, na kaniki asubuhi unaikunja.

Wapo wanaoshauri: "Nunua yenye lumeni nyingi, utatazama mpira mchana kweupe." Dhana hii ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga wote unaotolewa na projekta, ndiyo inayowala watu pesa. Hakuna projekta inayotoa mwanga mweusi. Weusi kwenye picha ni pale isipomulika. Kwa hiyo nyeusi yako haiwezi kuwa nzito kuliko skrini ilivyo kabla hujaiwasha projekta. Lumeni huongeza nyeupe tu. Tena hesabu ukubwa: lumeni 2,000 zikienea kwenye picha ya upana wa mita 2, yaani mita za mraba 2.25, kila eneo linapata takriban luksi 890 (luksi ni lumeni kwa kila mita ya mraba). Itanue hadi upana wa mita 3, na mwanga unashuka chini ya nusu. Jua la utosini ni karibu luksi 100,000.

Wengine husema skrini ya kijivu inayokataa mwanga wa chumba humaliza yote. Husaidia kweli, kwa mwanga unaotoka juu au pembeni. Unaotoka upande wa watazamaji huurudisha kwao pamoja na picha, na katika nyumba zetu mlango wa kuelekea msana mara nyingi ndio uko upande huo. Mlango huo ndio wa kuwekewa pazia kwanza.

Na si kila pazia jeusi linaziba. Liwekee tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona vitone vya mwanga, ongeza bitana.

Kuhusu macho: kutazama gizani hakuyaharibu, huyachosha tu. Taa ndogo nyuma ya watazamaji, iliyofunikwa isiielekee skrini, inatosha.

Siku hizi mjomba huanza filamu baada ya Isha, kiwanda kikiwa kimeshaingia kiza, na kaniki huzitundika mwenyewe.