Ruzuku si gawio

Juzi kwenye daladala, redio ikisoma bei mpya za mafuta, abiria mmoja alitoa hukumu: "Wenzetu Nigeria wana mafuta yao, ndiyo maana walikuwa wanapata gawio lao palepale sheli." Nilikuwa nashuka kituo kinachofuata, nikanyamaza. Lakini kauli hiyo nimeshaisikia mara nyingi mno.

Ruzuku ya mafuta ni fedha ambazo serikali hulipa ili lita iuzwe chini ya gharama yake. Basi. Wala haihitaji uwe na kisima. Juni 2022, bei ilipopaa baada ya vita vya Ukraine kuanza, Tanzania ilitenga shilingi bilioni 100 kwa kazi hiyo, na sisi mafuta yote twayanunua nje. (Bei kikomo inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nayo si ruzuku. Ile ni dari tu, haimlipi mtu senti.)

Nadhani utata unaanzia kwenye neno lenyewe. Ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja, wote wa rizq ya Kiarabu, ambayo wataalamu wengi wanaona nayo iliazimwa kwa Waajemi wa kale, kwenye neno lao la "siku". Riziki, kwa asili, ni posho ya siku. Katika dola ya Kiislamu ya mwanzo askari aliyeandikwa kwenye diwani, yaani daftari la malipo la dola, alipokea vitu viwili: ata, yaani fedha zake, na rizq, yaani chakula. Kwa hiyo hata wao hawakuchanganya fungu la mtu na posho ya tumbo. Kwetu neno lilipanda juu zaidi, likawa la Mungu: Mungu kamruzuku mtoto, Mungu atakuruzuku. Riziki haidaiwi, huombwa. Ndiyo maana serikali ikitoa ruzuku watu hushukuru kana kwamba mvua imenyesha. Waarabu wenyewe leo ruzuku ya serikali wanaiita da'm, tegemeo, na rizq wamemwachia Mola.

Gawio ni mtoto wa kugawa, halina mbingu ndani yake. Wenye mali wamekaa, faida imehesabiwa, kila mmoja kachukua chake. Hashukuriwi mtu hapo. Na hapa ndipo abiria wangu alipoteleza: gawio la mali ya wote huhesabu vichwa, ruzuku huhesabu lita. Anayejaza tangi la V8 mara mbili kwa wiki anavuna ruzuku mara nyingi kuliko dereva wa bodaboda, na mama anayekwenda sokoni kwa miguu anaambulia nafuu ya nauli ya nyanya zake, ikifika.

Nigeria ndiyo ilionyesha hili wazi kuliko wote. Petroli yao ya bei ya chini ilivuka mpaka kila siku hadi Benin, ikauzwa kando ya barabara za Cotonou kwenye chupa na madumu, na ikapewa jina kabisa: kpayo. Mwenye pikipiki wa Benin alifaidi mafuta ya Nigeria kuliko Mnigeria wa kijijini asiye na chombo chochote cha moto. Na sehemu kubwa ya petroli hiyo hata haikusafishwa kwao, iliagizwa kutoka nje kwa dola, maana viwanda vyao vya kusafisha mafuta vilikuwa hoi. Mei 29, 2023, Rais Tinubu alitangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba ruzuku imekwisha, na lita iliyokuwa chini ya naira 200 ikakaribia 500 ndani ya siku chache. Gawio la mtu halifutwi kwa sentensi moja ya hotuba namna hiyo.

Anayetaka kuona gawio la mafuta aende Alaska. Mwaka 1976 waliandika kwenye katiba yao mfuko wa akiba ya mapato ya mafuta, na mwaka 1982 kila mkazi, mtoto kwa mzee, akapata dola 1,000. Bei ya petroli haikuguswa. Mwenye gari na asiye na gari walipata hundi sawa.

Iran ndiko maneno yanakovurugika kweli. Desemba 2010 walipandisha bei ya mafuta na badala yake wakaingiza rial 455,000 kila mwezi kwa kila mtu kwenye akaunti ya mkuu wa kaya, fedha ambazo baadaye zililiwa na mfumuko wa bei. Kwa hesabu hiyo ni gawio, limegawiwa kwa vichwa. Lakini Wairani wenyewe wakaliita yaraneh, neno lao la ruzuku. Waajemi, ambao huenda ndio waliotuletea riziki! Hapo nawasamehe wote wanaochanganya.

Ila ndugu yangu wa daladala, ulichotaka kusema ni kwamba Wanigeria walikuwa wanauziwa petroli ya ruzuku. Na ukimaanisha ile asilimia 13 ya mapato ya mafuta inayorudishwa kwenye majimbo yanakochimbwa, huo unaitwa mgawo, na unapokewa na magavana.